Figo Moja, Laini Tatu za Mahindi

Jumanne, 8 Julai 2025. Kitale.

Nimepata kazi ya kufa. Au ya karibu kufa. Bado haijaamuliwa.

Watu wa televisheni wamekodi ghala la mahindi nyuma ya stesheni ya zamani na kuligeuza hospitali. Rangi nyeupe, mapazia ya kijani, kibao kikubwa getini: HOSPITALI YA MLIMANI. Mimi ni dalali wa mahindi. Mwaka juzi nilileta magunia yangu humu humu. Leo nimelazwa pale pale yalipokuwa magunia. Fukusi wawili wametembea juu ya shuka yangu ya wodi ya mahututi na hakuna aliyewashangaa isipokuwa dairekta.

Dairekta ni Sandra, msichana wa Nairobi mwenye miwani mikubwa. Ametueleza hadithi. Wagonjwa wawili, figo zao zimekufa. Figo ya kupandikiza ni moja tu. Madaktari wanagombana kipindi kizima: apewe nani? Kitanda cha kwanza ni mimi, Bramwel Khisa. Kitanda cha pili ni Kipkemei, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Endebess. Atakayepewa figo anaendelea hadi msimu wa pili. Atakayekosa anazikwa kabla ya tangazo la sabuni.

Nimemuuliza Sandra ni nani ameandikiwa kupona. Amesema hajaamua, atatazama nani anagusa mioyo ya watu.

Nikamtazama Kipkemei. Mashavu ya mtu anayekunywa maziwa kwa sufuria. Mgonjwa gani huyo? Figo ni yangu.

Jumatano, 9 Julai

Leo tumefundishwa kuugua. Mwalimu ni Sista Fridah, nesi wa kweli kabisa, miaka ishirini na sita kazini, ameletwa ili tusiwaaibishe wagonjwa halisi. Amesema mtu wa figo huvimba miguu, huchoka, hujikuna, chakula humshinda. Nimejikuna vizuri sana. Kipkemei amejikuna kama mtu aliyeumwa na siafu.

Kisha onyesho la kupimwa presha. Fridah akanifunga kile kitambaa mkononi, akabonyeza, akasoma. Mia moja tisini na nne juu ya mia moja kumi na nane. Akakunja uso. Akapima mkono wa pili. Akamwambia Sandra azime kamera.

Nimeshtuka. Sikujua nesi anaweza kuigiza hivyo. Hata jasho lilimtoka puani.

Baadaye amenivuta kando ya pazia na kuniambia polepole, "Bwana Khisa, hii si ya tamthilia. Hii mashine ni yangu, natembea nayo. Enda upimwe leo." Nimemkonyeza jicho. Namheshimu mtu anayebaki ndani ya kazi hata kamera zikizimwa. Kipkemei alipata mia moja kumi na nane juu ya sabini na sita. Aibu. Hakujiandaa hata kidogo.

Jioni nimepata mpango. Kama Sandra anataka mioyo iguswe, nitaigusa. Nimemwomba Kipkemei anipige picha nikiwa na dripu, maski ya oksijeni, macho nusu. Mjinga amekubali, tena amenipangia taa. Nimeiweka kwenye status yangu na maneno matatu tu: Mungu ndiye anajua. Si uongo. Kweli anajua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamka nikakuta simu sitini na nne. Sitini na nne.

Picha imefika kwenye kundi la ukoo. Imefika Tongaren nyumbani kwa mama, imefika Matulo kwa wajomba. Mama yangu Agneta amelia mpaka majirani wakaja na viti. Mke wangu Linet anajua ukweli, maana niko nyumbani nakula chapati zake. Ameniuliza kama nina akili. Nimemwambia nitawaambia wote ukweli kabla ya saa nne.

Saa nne kasorobo, Dancan akapiga.

Dancan ni kaka yangu mkubwa. Hatujasemezana tangu Machi. Mwezi huo alipanda mahindi Tongaren na trekta lake likapotea njia, likaingia mistari mitatu ndani ya sehemu yangu ya shamba. Laini tatu. Nilimwambia arudishe mpaka. Akasema trekta halina kosa. Tangu hapo yale mahindi yanakua, yamenipita kichwa, na kila nikiyaona nazihesabu tena zile laini.

Sasa yuko kwenye simu, sauti ya chini, ananiuliza ninaumwa nini.

Nilitaka kusema siumwi. Wallahi nilitaka. Mdomo ukasema figo. Akauliza moja au zote. Mdomo ukasema zote. Ukasema pia kwamba inatafutwa moja tu, hata moja ingetosha.

Akasema anakuja Jumamosi.

Nimefikiria sana. Mtu mwenye hatia hurudisha alichochukua. Akiniona na dripu, laini tatu zitarudi zenyewe. Jumapili nitapona. Watu hupona. Linet hajaambiwa.

Jumamosi, 12 Julai

Andika polepole, Bramwel.

Nilimtarajia Dancan peke yake. Amekuja na mama, na kina mama kumi na mmoja wa kanisa waliovaa vitambaa vyeupe kichwani. Mlinzi wa getini aliwafungulia. Yeye naye ni mwigizaji, alidhani wameandikwa kwenye skripti. Akawapa karatasi watie sahihi. Walidhani ni kitabu cha wageni. Kumbe ni ile ya Sandra, ya kukubali kupigwa picha.

Wakaingia wakiimba. Kamera zilikuwa zinafanya kazi. Madaktari wa uongo wakasimama ukutani wasijue waende wapi. Sandra akainua mkono: mtu yeyote asizime.

Mama akaiona kamera, akauliza ni mashine gani hiyo kubwa. Sandra akasema ni ya kuangalia wagonjwa. Kwa haki, hakudanganya.

Wakanizunguka, wakaniwekea mikono. Mama aliomba dakika kumi na tano bila kupumua. Alimkumbusha Mungu siku niliyozaliwa, mvua iliyonyesha siku hiyo, na kwamba nilikuja miguu kwanza. Mimi mwenyewe nimelia. Upande wa pili Kipkemei naye analia hadi kitanda kinatikisika. Akashindwa kuvumilia. Akakaa, akavua maski, akasema, "Mama, pole sana, lakini sisi ni waigizaji. Hii ni maneno ya TV tu."

Nikajua nimekwisha.

Kina mama wakatazamana. Mmoja akasema maskini, ugonjwa umempanda kichwani. Sita wakahamia kwake. Kadiri alivyoapa kwamba ni mzima ndivyo walivyomkandamiza kitandani na kuomba kwa nguvu zaidi. Mwishowe akatulia, akasema amina.

Kisha chakula. Walikuwa wamebeba kuku na ugali. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu baba afariki ni ya Dancan, hakuna mjadala. Miaka tisa sijaionja. Dancan akaitoa kwenye bakuli, akaitazama, akaniwekea mdomoni kwa mkono wake. Mama akafuta macho.

Dancan akasema, "Figo ninazo mbili. Ndugu niko na mmoja. Jumatatu naenda Bungoma nipimwe." Akanifunika shuka vizuri miguuni. Akaongeza kwamba zile laini tatu nitavuna mimi.

Kwa dakika kumi nimepewa firigisi, laini tatu na figo. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Dripu ilikuwa imebandikwa kwa gundi tu, ningeivua kwa kidole. Badala yake nikatafuna. Nikasema asante.

Walipoondoka Sandra alikuja anatetemeka kwa furaha. Amesema hajawahi kuona moyo ukiguswa namna ile. Nikamshukuru. Akasema alikuwa anamzungumzia mama.

Jumatatu, 14 Julai

Linet amesikia yote kutoka kwa mama. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe na hajui alimnunua kwa nini. Akasema kumwibia ndugu laini tatu ni tabia, lakini kumwacha apasuliwe ni dhambi. Amenipa hadi Jumapili. Nisiposema, atasema yeye, kanisani, kwa kipaza sauti.

Mimi nina hesabu yangu. Watampima, watakuta damu zetu hazipatani, atarudi nyumbani na moyo mweupe. Laini zitabaki zangu. Hakuna atakayeumia. Lakini je, zikipatana? Tumetoka tumbo moja. Tuna hata pengo moja la jino.

Kazini nimemuuliza Fridah kwa niaba ya rafiki yangu. Amesema hakuna daktari atakayemkata mtu kabla ya kumwona mgonjwa mwenyewe na kumpima. Nimepumua. Kisha akauliza kama yule rafiki yangu amewahi kwenda kupimwa presha kama alivyoambiwa. Nimesema ndiyo, yuko sawa kabisa. Amenitazama sana. Anaigiza mpaka wakati wa chai.

Onyesho la leo: madaktari wawili wanagombana juu ya kichwa changu. Mmoja anasema ndugu akijitolea, pokea. Mwingine anasema haifai kupokea kiungo cha mtu anayetoa kwa sababu moyo unamsuta. Lazima ajue ukweli wote ndipo aseme ndiyo. Akanigeukia akauliza, "Mzee, huyo ndugu yako anajua ukweli wote?"

Skripti ilisema nitoe chozi moja. Nimetoa mengi hadi gundi ya dripu ikabanduka. Sandra akasema nimezidisha.

Alhamisi, 17 Julai

Saa tisa na nusu. Dancan amepiga kutoka Bungoma.

Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia kaka yangu akilia, hata siku ya kumzika baba. Jumatatu walimpima presha kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mia mbili na kumi na mbili juu ya mia moja na thelathini. Wakamlaza chini, wakapima tena. Wakachukua damu na mkojo. Majibu yametoka leo: figo zake zimeanza kuharibika. Daktari amemwambia presha imemtafuna kimya kimya miaka mingi, hana habari. Angekaa hivyo hadi Krismasi, yeye ndiye angekuwa anaomba figo. Amepewa dawa za kumeza kila siku. Chumvi hapana. Na kumpa mtu figo, hiyo asahau.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya ghala, kati ya vitanda viwili. Masikio yalikuwa yanalia. Kichwani nilimwona Dancan akianguka kwenye lile shamba, katikati ya mahindi, na hakuna mtu wa kumwona kwa sababu laini ni ndefu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Na yeye bado anaongea. Anasema, "Nisamehe ndugu yangu. Nimekuangusha. Si nilikuahidi?"

Hapo ndipo ukweli ulikuwa mlangoni kabisa, umeshika kitasa. Nikafungua mdomo.

Nikasema nimemsamehe.

Nimeandika hayo na kuyasoma tena mara nne. Nimemsamehe. Mimi. Yeye.

Jumapili, 20 Julai. Tongaren.

Nimekuja kusema. Linet alikaa karibu nami njia nzima, mkoba mapajani, kama askari.

Nilipita kando ya shamba kwanza. Laini zangu tatu zimeanza kuota ndevu. Safi. Karibu nirudi.

Mama aliponiona natembea kwa miguu yangu alipiga magoti uani. Muujiza. Kanisani nikakalishwa mbele. Dancan akasimama kushuhudia. Amekonda kidogo, shati linapwaya. Akasema ugonjwa wangu ndio uliomfikisha hospitali, vinginevyo angekuwa marehemu anayetembea. Watu wakapiga makofi wakinitazama mimi. Nimepigiwa makofi kwa kuugua. Linet akanifinya paja. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nitasema baada ya chakula.

Chakula mezani kwa mama. Kuku ameiva. Dancan alikuwa na bakuli lake la pembeni, la kunde zisizo na chumvi, anazitazama kwa huzuni. Ameniwekea firigisi tena kwenye sahani. Nikashusha kijiko. Nikakohoa. Nikasema nina neno.

Televisheni ikanitangulia. Ilikuwa imewashwa ukutani, na hakuna aliyekuwa anaitazama mpaka sauti ya mama ilipotoka ndani yake.

Tangazo la tamthilia mpya, Wodi ya Mlimani. Kina mama kumi na mmoja wanaomba. Dancan na firigisi mkononi. Mimi na maski, macho nusu. Kisha maandishi makubwa: FIGO NI MOJA. NANI ATAPONA? Kisha Kipkemei anaonekana akitoka getini na maua, anacheka. Kisha jeneza, na juu ya jeneza picha yangu.

Sandra ameamua.

Hakuna aliyemeza. Mama akawa wa kwanza. Akasema, "Si huyo ni mimi?" Akauliza kama itarudiwa.

Dancan hakuuliza hivyo. Alinigeukia polepole. Akauliza jambo moja tu: kwa hivyo figo zangu ni nzima? Nikasema ndiyo. Zote mbili? Nikasema zote mbili. Nilingoja ngumi. Nilikuwa nimeshaegemea upande wa ukuta.

Akashusha pumzi ndefu. Akasema siku kumi hajalala akifikiria atakavyonizika. Akasema asante Mungu. Macho yalimjaa maji. Heri angenipiga, naapa.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua ile firigisi kutoka kwenye sahani yangu. Akaitazama. Yeye mwenyewe haruhusiwi, imepikwa na chumvi. Akaipitisha juu ya meza, akaiweka kwenye sahani ya Linet.

Firigisi. Kwa mwanamke. Mbele ya mama.

Mama alishika kifua. Tangu dunia iumbwe haijatokea kwenye nyumba hii. Dancan akasema, "Mwanaume wa nyumba ya Bramwel ni huyu." Linet hakusita hata kidogo. Akaila yote, akalamba kidole, akasema imeiva vizuri.

Kuhusu laini tatu, Dancan amesema trekta lake halina kosa.

Jumanne, 22 Julai. Kitale.

Sandra amepiga simu. Nilijua anataka kuniomba msamaha kwa lile jeneza. Kumbe anamtaka mama kwa msimu wa pili. Kila kipindi, wodi zote, mama anayeomba. Mama amekubali kabla hajaelezwa. Kazi yangu mimi itakuwa kumbebea mkoba na Biblia hadi getini. Kipkemei amenitumia ujumbe wa pole kwa kifo changu, na maziwa lita tano. Sijui anatafuta nini.

Fridah naye amepiga. Mara ya tatu. Amesikia habari za Dancan kutoka kwa mama, mwenzake mpya kazini. Anasema presha hutembea kwenye familia, ile namba yangu ya siku ya pili ilikuwa ya kweli, mashine ni nzima, niende kesho asubuhi, atanisindikiza mwenyewe. Nimemwambia nitaenda.

Siendi. Mashine iliyolala ghalani na fukusi itapima nini? Tena mimi siwezi kudanganywa na mtu wa tamthilia. Nimekaa ndani ya tamthilia. Kichwa kinaniuma tangu Jumapili, nyuma hapa shingoni, na nikisimama naona vinukta vinukta. Ni hasira ya firigisi. Itapita.

Nimetafakari sana na nimepata funzo. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Kitale ikafika Tongaren, ikapita Matulo, ikaingia Bungoma, ikamwokoa mtu. Ningesema ukweli ile Alhamisi saa nne kasorobo, kaka yangu angekufa kabla ya Krismasi. Sasa kama uongo mmoja mdogo wa figo umeleta yote haya, mkubwa utaleta nini?

Sandra amesema msimu wa pili unahitaji mgonjwa mmoja wa moyo. Hajampata. Na mtu wa moyo, ndugu yake hawezi kumnyima laini tatu. Au hata nne.

Nimeanza mazoezi leo mbele ya kioo. Mkono kifuani, mdomo wazi, mguu mmoja nyuma. Linet ameingia na kikombe cha chai, akaniona, akakidondosha. Uso umempauka. Ameniuliza kwa sauti ndogo kama niko sawa, maana hajawahi kuniona hivyo.

Nimemwambia hicho ndicho kipaji. Jasho linanitoka lenyewe, mkono wa kushoto umekufa ganzi kabisa, na hata sijaanza kuigiza.